Jembe Walilopewa Heroe

Simameni hapa kwenye mawe meusi. Msipite. Wenye viatu vipya wakae, maana nimewaona wanavyochechemea tangu kule kwenye chemchemi ya maji moto, na wenye darubini wazitoe sasa, kwa sababu hatutasogea zaidi ya hapa. Mmoja wenu ameniuliza njiani kwa nini wale ndege hawakubali kukaribiwa. Na huyu mama mwenye kofia ameniuliza kwa nini wengi wao wamesimama kwa mguu mmoja, kana kwamba maji yanawachoma. Maswali yenu mawili yana jibu moja, nami nitawapa. Lakini kwanza niwakumbushe jambo. Asubuhi mlipofika langoni, askari aliwauliza mmekuja kwa shughuli gani, nanyi mkamjibu kwa pamoja, "Tumekuja kutembea tu." Nilikuwa kibarazani nafunga kamba za viatu. Nilisikia, na moyo uliniuma. Basi sikilizeni, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Ulikuwapo wakati maji ya Ziwa Sorwo yalikuwa bado yananyweka. Ng'ombe waliyanywa, watoto waliyaoga, na kina mama waliyateka kwa vibuyu na kuyapikia uji wa wimbi bila kuyaonja kwanza. Samaki walikuwamo. Nyumba zilikuwa huku chini, si kule mlimani mnakoona mabati yaking'aa. Pale ulipoanguka ule mgunga palikuwa na boma la mwanamke aliyeitwa Kabon, na hakuna boma lililokuwa karibu na maji kuliko hilo.

Heroe nao walikuwako, lakini si kama hawa mnaowaona. Midomo yao ilikuwa imenyooka, walisimama kwa miguu yote miwili kama viumbe wengine wenye adabu, na walipochoka walijilaza uani kwa watu, kuku wakiwaruka. Rangi hii ya waridi waliitoa wapi, sijui. Wapo wanaosema ni ya magadi. Mimi sisemi nisilolijua. Ninachokijua ni kwamba hawakuwa wakazi wa hapa. Walikuja kila mwaka mvua za masika zilipokwisha, ziwa likiwa limejaa na majani yakiwa bado mabichi, wakakaa kidogo, kisha wakaenda zao.

Walipotua hawakukimbilia majini. Walikwenda kwanza kwa Kabon wakapiga hodi, maana enzi hizo ndege na watu walikuwa wanasikilizana lugha. Kabon aliwakaribisha, akawatolea maziwa lala na asali, akawauliza kama ilivyo ada, "Habari za huko mlikotoka? Ni heri?" Mkubwa wao, heroe mzee jike aliyeitwa Nyalwe, alikuwa na jibu moja miaka yote. "Ni heri, Kabon. Tumekuja kutembea tu."

Na siku hizo kutembea ilikuwa shughuli ya kutosha. Neno letu hili lina miguu miwili, ila mnalitumia kila siku bila kulitazama. Anayepiga hatua barabarani anatembea, na aliyekuja kuwajulia hali nduguze naye husema amekuja kutembea. Nyalwe na wenzake walikuwa na yote mawili. Walikuja kuwaona watu, na walikuja kulizunguka ziwa. Baada ya kunywa maziwa waliondoka na Kabon kwa miguu, polepole, kwa njia hii hii tuliyopita sisi. Walianzia kwenye matete wanakolala viboko, wakapita chemchemi, wakafika kwenye mteremko wa mawe ambako tandala hushuka kunywa maji, wakamalizia chini ya jabali la tai.

Kila mahali Nyalwe alisimama. Alikuwa ndege wa kusimamasimama, na safari ya asubuhi moja kwake ilikula kutwa. "Kabon," alisema, "umewahi kuona jinsi kivuli cha jabali kinavyoingia majini?"

"Mimi nimezaliwa hapa," Kabon alimjibu.

"Hujanijibu swali langu."

Kabon akatazama. Na kweli hakuwa amewahi kukiona. Yeye na watu wake waliona maji, samaki, kuni na malisho. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na kazi. Mtu aliyezaliwa penye uzuri huupita kila siku akienda kutafuta mbuzi aliyepotea.

Lazima niwaambie kwa nini matembezi hayo yalikuwa mazito kwa Kabon kuliko kwa mtu mwingine. Mume wake alikuwa amefariki, na bintiye wa pekee, Chelagat, alikuwa ameolewa ng'ambo ya milima asirudi hata kwa kusalimia. Mwanamke huyo aliamka, akalima, akapika, akalala, na kesho yake akaanza tena. Hakuna aliyemuuliza lolote ila habari za mbuzi. Lakini heroe walipokuja aliongea hata sauti ikamkauka. Aliwaonyesha alipozaliwa Chelagat, alipomwona mume wake mara ya kwanza, jiwe alilojikwaa akiwa mtoto. Wakiondoka alikuwa mtu mwingine, na nguvu hizo zilimtosha karibu mwaka mzima. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, nadhani walikuwa wamemwona Kabon.

Siku ya kuagana aliwasindikiza. Hili nalo mlijue, maana watu wa mjini siku hizi mnamuaga mgeni mkiwa mmekaa. Hapa kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Unatoka naye, unapita naye boma la jirani, unapita naye kisima, na hugeuki mpaka yeye mwenyewe akuambie, "Rudi sasa." Akishalisema hilo, ameondoka vizuri na atarudi tena. Kabon aliwafikisha kwenye mawe haya tuliyokalia, wakaongea mengine waliyosahau, halafu Nyalwe akamwambia, "Rudi sasa, Kabon." Heroe wakapiga mbio juu ya maji, wakaruka.

Sasa niseme habari ya jembe. Mnaujua ule msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Najua pia mnavyoutumia: shemeji akizidisha kukaa, mnausema kwa sauti akiwa bafuni ili ausikie. Hapa Sorwo haukuwa fimbo ya kufukuzia watu. Jembe halikutolewa peke yake. Aliyepewa jembe alishikwa mkono akapelekwa kuonyeshwa kipande chake cha ardhi, na wazee wakapanda mimea ya mpakani naye akitazama. Tangu hapo hakuitwa mgeni. Hakusindikizwa tena popote, kwa kuwa mtu wa nyumbani hasindikizwi. Jembe lilikuwa heshima kubwa kuliko zote, na heroe hawakuwahi kupewa, kwani kila mtu alijua hawakai.

Ukaja mwaka ambao masika yalinyesha kwa uchoyo. Wimbi ulitoa masuke mepesi, ukiyashika mkononi unajua hamna kitu. Maziwa yakapungua, nyuki wakahama mizinga. Ziwa peke yake ndilo halikubadilika, lilijaa maji matamu kama kawaida, na watu walijipa moyo kwa hilo: tutalala na njaa, lakini kiu hatutakuwa nayo. Na katika mwaka huo heroe walikuja kama walivyozoea, kundi kubwa kuliko miaka yote, wakapiga hodi kwa Kabon.

Alikuwapo mtu mmoja, Kipyatich, ndugu mdogo wa marehemu mume wa Kabon. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana mtu mbaya ni rahisi kumsimulia. Alikuwa mchapakazi. Alimpima kila kiumbe kwa jasho lake, na yeye mwenyewe alitoka jasho kuliko wote. Alipita kwa Kabon akakuta heroe wamejaa uani, wengine wamelala, wengine wanasimuliana safari.

"Shemeji," akasema, "hawa wageni wako wamekuja kwa kazi gani?"

"Wamekuja kutembea."

"Kutembea! Hata mbuzi hutembea, lakini mbuzi hukamuliwa." Wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakacheka. Kipyatich alipoona wamecheka akaongeza, "Sisi tunafunga mikanda, wewe unalisha watembezi. Siku mbili zao zimekwisha. Jembe unalo."

Usiku huo Kabon alikomba ghala lake kwa mkono, akatoa unga uliotosha chungu kimoja. Na hapo ndipo moyo wangu hushikwa kila ninaposimulia, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno. Angemwendea Nyalwe akamwambia, "Mwenzangu, mwaka huu sina kitu." Nyalwe angeelewa. Heroe wangekunywa maji, wangelizunguka ziwa, wangesindikizwa, wangeruka. Lakini watu wetu tuna ugonjwa mmoja ambao sijui kama upo kwenu. Mtu wa hapa yuko tayari kuitwa mchoyo, yuko tayari kuitwa mkali, ila hayuko tayari kuitwa mwenye njaa. Kabon aliionea aibu njaa yake, akaona afadhali amkasirishe rafiki yake kuliko kumwonyesha ghala tupu.

Asubuhi ya siku ya tatu alilitoa jembe lake ndani, akaliegemeza kwenye mwimo wa mlango, mahali ambapo anayeamka lazima alione. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba akijifanya anapanga kuni. Alitegemea Nyalwe ataliona, ataelewa amechokwa, na ataaga mwenyewe bila mtu kutamka neno.

Nyalwe aliliona. Kabon akiwa kule nyuma alisikia sauti ambayo hakuitarajia. Nyalwe alikuwa anapiga vigelegele.

"Kabon! Kabon, njoo! Ni letu?" Heroe wote waliamka wakalizunguka jembe, wanaligusa mpini kwa midomo kama watoto walioletewa nguo mpya. Nyalwe alimwendea Kabon mpaka penye kuni. "Miaka yote nikija hapa nasema nimekuja kutembea, kwa sababu sikuwa na neno jingine la kusema. Tunatembea huku na huko, ziwa hili na lile, na kote tunaambiwa karibuni, na kote tunasindikizwa. Hakuna aliyewahi kutupa jembe. Sasa nikija hapa nitasema nimerudi nyumbani." Machozi yalimtoka. Halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote aliyepewa jembe angeliuliza. "Na shamba letu liko wapi?"

Kabon alifungua kinywa. Kipyatich alikuwa nje ya boma na wenzake wakielekea shambani, na alikuwa ameyasikia yote. Akajibu yeye. Alinyoosha kidevu kuelekea ziwani, penye tope la ufukoni, akasema, "Shamba lenu ni lile pale. Lote. Limeni mpaka mchoke."

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa kikubwa, kwa kuwa njaa ilikuwa imewanyima kicheko siku nyingi. Nyalwe aliwatazama, akadhani wanafurahi pamoja naye. Akamgeukia Kabon kuhakikisha. Kabon alitazama chini. Neno moja lingetosha. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Lakini alitazama chini mpaka heroe wakaondoka na jembe lao kwenda majini.

Walilima. Jamani, walilima. Nyalwe aliushika mpini kwa mdomo, lakini mdomo ulionyooka haushiki mpini, ukamponyoka, na chuma kikazama kwenye tope kisionekane tena. Aliona aibu kurudi kusema wamepoteza jembe walilopewa siku hiyo hiyo. Basi akainama akalima kwa mdomo wake mwenyewe, na wenzake wakamfuata. Walichimba na kuvuta, wakachimba na kuvuta, hadi midomo ikapinda katikati kama chuma kinavyopinda kwenye mpini. Tazameni kwa darubini zenu. Ule si mdomo wa ndege, ule ni jembe. Na tazameni wanavyokipindua kichwa juu chini, wakilivuta tope kuelekea miguuni mwao. Aliyewahi kushika jembe anaujua mvuto huo.

Jioni Nyalwe alipaza sauti kutoka majini, matope mpaka machoni. "Kabon! Njoo uone tulivyolima!"

"Kesho," Kabon aliitikia kutoka bomani.

Na kesho yake aliitwa tena, akasema kesho. Watu walishazoea kupita ufukoni kucheka kabla ya kwenda shambani, ikawa ndiyo starehe yao ya mwaka wa njaa. Kabon peke yake hakwenda. Alifunga mlango wa upande wa ziwa, akawa anatokea upande wa mlimani, ili asiyaone aliyoyafanya.

Hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya tope lile. Chini kabisa, tangu milima ilipotapika moto, yalilala magadi. Tope liliyafunika, na maji matamu yalikaa juu yake kwa amani. Sasa midomo ile yote ililipekua tope mchana na jioni, na magadi yakapanda. Yalianza kwa povu jeupe kwenye matete. Fahali wa Kipyatich ndiye aliyekuwa wa kwanza. Aliinamisha kichwa anywe, akapiga chafya, akarudi nyuma. Kina mama walichota, wakapika, wakatema uji. Halafu samaki wakaelea, matumbo juu, ufuko mzima.

Kipyatich aliingia majini mbio, maji yakamfika magotini. "Acheni!" alipiga kelele. "Acheni, jamani! Ulikuwa mzaha! Tulikuwa tunafanya mzaha!"

Mnawasikia heroe wanavyopayuka hata tukiwa huku. Siku hiyo walinyamaza wote kwa pamoja, na ziwa likawa kimya kiasi cha kusikia povu likipasuka. Mzaha mzaha hutumbua usaha, ndivyo tunavyosema, na hapo usaha ulitumbuka. Nyalwe aliinua kichwa kutoka kwenye tope. Alimtazama Kipyatich, akautazama ufuko uliojaa watu, akakumbuka walivyoshika mbavu siku zote zile, na sasa akaelewa kile kicheko kilikuwa cha nini. Akanyanyua mguu mmoja ili aondoke. Mgeni akigundua hatakiwi, huinuka.

Lakini hakuondoka. Mguu ulibaki juu. Kabon alikuwa ameshuka mwishowe, amesimama hapa, kibuyu cha maji machungu mkononi, na Nyalwe alikuwa amemwona.

"Kabon," alisema, bila ukali hata kidogo. "Sisi ni wageni au ni wenyeji? Kama ni wageni, tusindikize twende. Kama ni wenyeji, tuambie, nitaushusha mguu wangu."

Heroe wote wakanyanyua mguu mmoja, wakamtazama Kabon.

Mfikirieni mwanamke yule. Nyuma yake wamesimama majirani na ng'ombe wenye kiu. Akisema ni wageni, amekiri mbele ya kila mtu kwamba jembe lilikuwa uongo na ghala lake ni tupu. Akisema ni wenyeji, amewakabidhi ziwa waliokwisha kuliharibu, na watu wale hawatamsamehe. Lakini wazee wetu wanasimulia kwamba aliamua. Waliokuwapo walimwona akivuta pumzi, na midomo yake ikaanza kulifanya neno, na waliokuwa karibu naye waliapa lilikuwa neno "wenyeji."

Hapo mtu alicheka. Pengine hakukusudia, kundi zima la ndege limesimama kwa mguu mmoja, midomo imepinda, matope hadi utosini, na kuna watu ambao hofu huwatoka kwa kicheko. Ni nani aliyecheka haijulikani mpaka leo. Kila ukoo hapa husema alikuwa wa ukoo mwingine. Kicheko kilimshika mwenzake, kikaenea ufukoni, na neno la Kabon likazama ndani yake lisisikike.

Heroe walirudi nyuma. Hawakuruka, walirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, wakiwa bado wanamtazama Kabon, mpaka wakafika mahali ambapo kicheko cha watu hakisikiki. Hapo wakasimama. Kila mmoja akaunyanyua mguu wake tena, akangoja jibu.

Watu walihama. Bila maji huku chini hapakuwa na maisha, wakapanda na mifugo yao hadi kule mlimani, wakachimba visima ambavyo hata leo kina mama huamka alfajiri kuvifuata. Kipyatich alichimba cha kwanza, peke yake, akakataa kusaidiwa. Kabon aliwafuata akajengewa nyumba. Lakini kila asubuhi alishuka. Alisimama hapa akaita kwa nguvu zake zote, "Wenyeji! Nyalwe, ninyi ni wenyeji!" Heroe walimwona mtu, hawakusikia maneno. Akasogea hatua moja ili wasikie, nao wakarudi hatua moja, wakidhani anakuja kucheka. Akasogea nyingine, wakarudi nyingine. Walikuwa wamejiwekea umbali wa kutosikia kicheko, na umbali huo huo ndio usiofikisha jibu. Alizeeka akiita. Mwisho sauti ilimwishia, akawa anakuja kukaa tu.

Na tangu siku hiyo maji ya Sorwo hayanyweki. Tangu siku hiyo heroe wana majembe mahali pa midomo, na kila wakiwapo wanalilima shamba walilopewa. Husimama kwa mguu mmoja, kwani hawajaambiwa waushushe wala waondoke nao. Ukisogea, wanasogea. Na siku wakiondoka, wanaondoka usiku bila kuaga, wala hakuna aliyewahi kuwasindikiza. Unaamka tu unakuta ziwa tupu, hujui kama watarudi. Hata jembe hapa kwetu huwekwa nyuma ya nyumba. Ingieni boma lolote kule juu, hamtaliona mlangoni. Na mwenye njaa siku hizi anaambiwa aseme njaa, ingawa bado tunasema kwa shida, tukitazama chini.

Ndiyo maana nimewasimamisha penye mawe haya na kuwaomba msicheke. Msiniulize kama mnaweza kusogea kidogo mkawaambie ninyi. Wengi wenye huruma wamejaribu, wakaishia kuwafukuza mpaka ng'ambo. Mimi nikifika hapa hulisema lile neno polepole, kwa ajili ya Kabon, halafu naendelea na kazi. Nimeshalisema wakati ninyi mnafungua chupa zenu za maji. Hawakulisikia.

Haya, fungeni viatu, jua limepanda. Mmekuja kutembea na mmetembea, na kwangu mimi hiyo ni shughuli ya kutosha. Nitawasindikiza. Tutapita matete, tutapita lango, na nitakwenda nanyi barabarani hata kama miguu yangu ni ya bibi kizee. Sitageuka mpaka mmoja wenu aniambie, "Rudi sasa, nyanya." Nawaomba msisahau kuniambia.